Ngano Iliyokuwa Tupu: Kutoka Shamba la Kugo Hadi Kituo cha Mir

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini leo nimerudi na hadithi ndefu kidogo, kwa hivyo chukua kikombe chako cha chai ukae. Kwa kawaida hapa huwa tunazungumza kuhusu programu, simu na Linux. Leo ni historia ya ngano. Subiri, usiondoke bado! Ngano yenyewe ilipandwa angani.

Lakini nianze nyumbani. Mimi ni mtu wa Turbo, na huku kwetu mahindi ndiyo mfalme. Ngano nilikuwa nikiiona kwa babu mzaa mama, ambaye sisi tunamwita kugo, aliyekuwa akilima upande wa Moiben. Mwaka mmoja nikiwa shule ya msingi tulienda kwake siku chache kabla ya kombaini kufika. Ukilitazama shamba kutoka barabarani ungesema mwaka huu ni wa baraka: ngano imesimama, masuke yamejaa, kila kitu sawa. Kugo akachuma suke moja, akalisugua kati ya viganja, akapuliza makapi. Kila mkulima wa ngano hufanya hivyo. Makapi huruka, punje hubaki mkononi, unazihesabu, unatafuna moja, unajua mavuno yatakuwaje.

Siku hiyo karibu kila kitu kiliruka. Zilibaki punje chache zilizosinyaa, nyembamba kama mbegu za nyanya. Akachuma suke lingine, ikawa vile vile. Kisha akainama akatuonyesha mashina. Yalikuwa na mabaka ya rangi ya chuma kilichonyeshewa, na ukiyagusa unga mwekundu unabaki kidoleni. Kugo hakusema mengi. Alimwambia mjomba apige simu kombaini isije, maana pesa ya kuikodisha ingekuwa nyingi kuliko ngano yenyewe. Mwaka uliofuata alipanda mahindi kama majirani.

Viganja vile nilikuwa nimevisahau kabisa. Vilinirudia mwaka jana, siku nilipokuwa nikisoma habari za wanaanga na chakula chao, nikakutana na kisa cha ngano ya Mir.

Kwanza tuulize swali la msingi: kwa nini mtu ahangaike kulima angani? Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita 400 hivi juu ya vichwa vyetu, na vyombo vya mizigo hukipelekea chakula mara kwa mara, hata matunda mabichi. Shida ni safari ndefu. Kwenda Mirihi na kurudi ni kama miaka 3, na njiani hakuna duka. Chakula kilichokaushwa kinaweza kukaa, lakini baadhi ya vitamini haviwezi. Vitamini C na vitamini B1 hupungua kadiri pakiti inavyokaa kwenye rafu. Mabaharia wa zamani waliugua na kufa kwa kukosa vitamini C, na hakuna anayetaka kurudia historia hiyo mahali ambapo hakuna bandari ya kutia nanga.

Halafu kuna hesabu nyingine inayonifurahisha sana kama mtu wa kompyuta. Mmea hunywa kabonidioksidi tunayopumua nje na kuturudishia oksijeni. Kwa hivyo bustani ni jiko na ni mashine ya hewa kwa wakati mmoja. Warusi walijaribu jambo hili huko Krasnoyarsk, Siberia, ndani ya jengo lililofungwa kabisa liitwalo BIOS-3. Kati ya 1972 na 1973 watu 3 kwa zamu waliishi humo muda wa miezi 6, na ngano ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyowalisha na kuwapa hewa. Mwaka 1995, Houston, Marekani, Nigel Packham alijifungia siku 15 ndani ya chumba chenye ngano ya ukubwa wa mita za mraba 11 hivi. Oksijeni yake ilitoka kwenye ngano hiyo. Fikiria hilo: kipande kidogo kuliko chumba cha kupangisha, kinampumulisha mtu mzima! Ila kumlisha kabisa kungehitaji eneo kubwa zaidi mara kadhaa.

Majaribio hayo yote yalikuwa hapa hapa duniani. Angani mambo yalikwenda pole pole sana. Mwaka 1971 kituo cha kwanza cha Kisovieti, Salyut 1, kilibeba kijibustani kilichoitwa Oazis. Mwaka 1982, ndani ya Salyut 7, mmea mdogo uitwao Arabidopsis ulitoa maua na mbegu. Huo haulishi mtu, ni mmea wa maabara, lakini ulithibitisha kuwa mzunguko wa mbegu hadi mbegu unawezekana. Mwaka 1990 kituo cha Mir kikapata grinihausi halisi, Svet, iliyotengenezwa na Wabulgaria. Usiwaze grinihausi kama zile za nyanya tunazoziona kando ya barabara. Eneo lake la kupandia lilikuwa sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba. Karai la kufulia linaizidi!

Tatizo la kwanza la kulima angani ni maji. Hapa kwetu ukimwagilia, maji hushuka na hewa hufuata nyuma yake, mizizi inapumua. Kule maji hayana chini ya kwendea. Yanang'ang'ania punje za udongo na mizizi yenyewe kama asali kwenye kijiko. Yakizidi, mizizi inakosa hewa. Yakipungua, inakauka huku tone liko sentimita chache pembeni. Ilibidi wataalamu wachague kwa makini aina ya udongo na ukubwa wa punje zake ndipo maji na hewa vikae pamoja.

Sasa tufike kwenye ngano. Wanasayansi wa Urusi na wa Chuo Kikuu cha Utah State walichagua aina fupi sana iitwayo Super Dwarf, ambayo mbegu yake ilitoka CIMMYT, kile kituo cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Mexico. Ufupi ni muhimu, maana hakuna nafasi ya ngano ya kufika kiunoni. Jaribio la 1995 liliharibika kwa sababu inayoeleweka na kila mtu: taa kadhaa ziliungua, ngano ikabaki majani tu. Wakaleta taa bora na vifaa vya kupima hewa na unyevu. Agosti 1996 mwanaanga Shannon Lucid akapanda upya.

Safari hii ngano ikapendeza. Ikaota, ikanyooka, ikatoa masuke. Lucid aliporudi duniani mwezi Septemba baada ya siku 188, mwenzake John Blaha akaendelea kuitunza, na Desemba akaivuna. Masuke yalikuwa karibu 300. Watu waliokuwa chini walifurahi, na kwa nini wasifurahi? Kila kipimo kilikuwa kizuri. Mwanga upo, joto lipo, unyevu upo, urefu upo, masuke yapo. Januari 1997 mavuno yakashushwa kwa chombo cha Atlantis, wakafungua masuke.

Yalikuwa matupu. Katika masuke yote hayo hapakuwa na punje hata moja.

Niliposoma hapo nilisimama, nikatembea mpaka dirishani. Nilimwona kugo akipuliza makapi. Na nikaiona kazi yangu pia, maana sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili vizuri. Umeandika majaribio 200, yote yamepita, skrini yote ni kijani, unatuma programu kwa mteja, kisha anakupigia simu: ripoti inafunguka vizuri lakini haina data ndani. Majaribio hayakudanganya. Yalijibu ulichoyauliza. Wewe ndiye hukuuliza swali linalomhusu mteja.

Kosa lilikuwa wapi? Wengi wangeshuku kule kukosa uzito, kwa sababu ndicho kitu kigeni zaidi. Lakini watafiti walifanya anachopaswa kufanya kila mtu anayetafuta hitilafu: walijaribu kuirudisha hitilafu yenyewe mahali wanapoweza kuitazama. Walipanda ngano ile ile hapa duniani, penye uzito wa kawaida, wakabadilisha kitu kimoja tu kwenye hewa. Waliongeza gesi ya etilini kwa kiasi kama kilichokuwa ndani ya Mir, yaani sehemu moja hivi katika milioni. Ngano ikatoa masuke mazuri. Yakawa matupu.

Etilini unaijua hata kama hujawahi kusikia jina lake. Ukifunika ndizi mbichi kwenye gunia pamoja na moja iliyoiva, zote huiva haraka. Kinachoziivisha ni etilini. Mimea yenyewe huitoa, na ukungu pia. Hapa nje haina madhara makubwa kwa sababu upepo huichukua. Ndani ya kituo kilichofungwa haina pa kwenda, inajikusanya siku baada ya siku, na kwenye ngano inazuia chavua isifanye kazi yake. Kwa hivyo shamba la Mir halikushindwa kwa sababu ya maajabu ya anga. Lilishindwa kwa kukosa dirisha, na gunia la ndizi lingeweza kuwaeleza sababu.

Baada ya hapo mambo yakafunguka haraka. Mwaka 1997 Michael Foale alilima ndani ya Mir mmea wa jamii ya haradali, jamaa ya sukuma wiki yetu, ukatoa mbegu, na mbegu hizo zikaota tena huko huko. Kwa upande wa ngano, Bruce Bugbee na wenzake wa Utah State walikuwa wamezalisha aina mpya, USU-Apogee, yenye urefu wa nusu mita hivi, kwa ajili ya mazingira yaliyofungwa. Katika msimu wa 1998 hadi 1999 Apogee ilipandwa ndani ya Mir, na safari hii masuke yalikuwa na punje, mamia ya punje. Baadhi zikapandwa tena kule kule. Hakuna aliyeoka mkate, lakini ngano ilikuwa imezaa angani.

Kama unajiuliza mbona leo wanaanga hawali chapati za ngano yao wenyewe, jibu ni la kijikoni. Ngano unaivuna, unaipura, unaisaga, unaikanda, unaipika. Nani atafanya yote hayo mahali ambapo unga ukimwagika unaelea na kuingia kwenye pua na mashine? Ndiyo sababu Kituo cha Kimataifa kilianza na mboga. Mwaka 2014 kilipata bustani ndogo iitwayo Veggie, yenye taa za LED na mito midogo ya kitambaa iliyojazwa udongo wa mfinyanzi na mbolea, mbegu ikichomekwa juu. Zao la kwanza la saladi nyekundu lilirudishwa duniani likapimwe usalama. La pili lililiwa tarehe 10 Agosti 2015 na Scott Kelly, Kjell Lindgren na Kimiya Yui. Nusu waliila, nusu wakaigandisha kwa ajili ya maabara. Mwaka 2021 wakavuna pilipili.

Kati ya saladi na pilipili kuna kisa kimoja ambacho lazima nikisimulie. Mwishoni mwa 2015 walipanda maua ya zinnia, kama mazoezi ya mimea inayochukua muda mrefu. Unyevu ukazidi, majani yakajikunja, ukungu ukaingia. Ulikuwa Fusarium, jina linalowasumbua wakulima wa nyanya na ndizi hadi leo. Ratiba ya kumwagilia ilikuwa imeandikwa duniani. Kelly akawaambia kwamba kama ni kweli tunataka kwenda Mirihi, aliye pale ndiye anayepaswa kuamua lini mmea unahitaji maji. Wakakubali. Wakamwandikia mwongozo wa ukurasa mmoja tu, wakamwachia bustani. Januari 2016 zinnia zikachanua.

Yaani baada ya miaka 45 ya bustani za angani, hatua kubwa ilikuwa kumruhusu mkulima awe mkulima!

Sasa turudi Uasin Gishu, maana hadithi ya kugo haikuishia kwenye kombaini isiyokuja. Unga ule mwekundu ni kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu unaokula mashina na kuacha masuke bila chakula. Kwa miongo mingi dunia ilidhani imeushinda kwa kuzalisha aina za ngano zenye kinga. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ikaonekana Uganda, ikapewa jina Ug99 mwaka uliofuata, na ikaivunja kinga iliyotegemewa na ngano ya nchi nyingi. Muda si mrefu ikafika Kenya. Mwaka 2005 Norman Borlaug, mshindi wa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya ngano, alipiga kelele kwamba dunia nzima iko hatarini. Tangu wakati huo nchi mbalimbali hutuma ngano zao Njoro, kwenye kituo chetu cha utafiti kilichoanza mwaka 1927, ili zikutane na kutu hiyo shambani. CIMMYT, kile kile kilichotoa mbegu ya Super Dwarf, ndicho kinachoshirikiana na Njoro katika kazi hiyo. Kwa lugha ya kazi yangu ningesema Njoro ndiyo seva ya majaribio ya ngano ya dunia. Ngano ikipita pale, ina nafasi kwingine.

Na hapa Eldoret? Toka mjini ushike barabara ya Ziwa, utafika Chepkoilel, ambako tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Huko Profesa Miriam Kinyua na wenzake walitumia njia tofauti. Mbegu za ngano zilipigwa mionzi kwenye maabara za Seibersdorf karibu na Vienna, zinazoendeshwa na shirika la nguvu za atomiki IAEA pamoja na FAO. Mionzi hiyo haibaki kwenye mbegu, wala haielekezi mmea uwe nini. Inavuruga jeni hapa na pale, kila mbegu kivyake. Nyingi zinakuwa hazina faida. Kisha unazipanda mahali ambapo kutu ipo tele, yaani kwetu, unangoja, na unachagua zile chache zinazosimama. Unarudia kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2014 zikatangazwa aina mbili zenye kuhimili kutu hiyo: Eldo Ngano 1 na Eldo Mavuno. Majina tu yananifurahisha. Haya ni majina ya nyumbani!

Na uzi unarudi angani tena. Tarehe 7 Novemba 2022, IAEA na FAO walipeleka mbegu za Arabidopsis na mtama katika Kituo cha Kimataifa. Nyingine zilikaa ndani, nyingine nje ya ukuta kwenye mionzi na baridi ya anga. Ziliteremshwa Aprili 2023 ili zipandwe na kuchunguzwa. Swali lao ni lile la Chepkoilel: je, kati ya mbegu zilizovurugwa, iko itakayovumilia dunia inayozidi joto? Na zao walilochagua ni mtama, ambao bibi zetu waliusaga kabla mahindi hayajafika huku.

Kuna wanaosema, tena kwa hasira, kwamba kulima saladi angani ni mchezo wa matajiri wakati mkulima wa Moiben hana soko, na Kenya inaagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Hasira hiyo naielewa. Niliiona nyumbani, siku kombaini iliporudishwa. Lakini nimefuata uzi huu miezi kadhaa na ninachokiona ni kazi moja inayofanywa sehemu mbili. Kule Mir waliuliza kwa nini suke zuri ni tupu. Njoro na Chepkoilel wanauliza hilo hilo. Sababu ni tofauti, gesi kule na ukungu huku, lakini dawa ni ileile: kuirudisha hitilafu mbele ya macho, kubadilisha kitu kimoja kimoja, na kukubali tu ushahidi wa punje.

Kugo bado yuko, ingawa haendi shambani sana. Krismasi iliyopita nilimsimulia habari za masuke 300 ya Mir. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza: "Na hao watu wa huko juu, walikaa na hiyo ngano miezi yote hiyo, hakuna hata mmoja aliyesugua suke moja mkononi?"

Sikuwa na jibu. Lakini Januari niliporudi kazini niliongeza jaribio moja kwenye programu yetu: linafungua ripoti yenyewe na kuhesabu kilichomo ndani. Siku ya kwanza tu lilinasa ripoti 2 tupu.

Haya, tuonane wakati mwingine. Na ukipita karibu na shamba la ngano, omba ruhusa, chuma suke moja, upulize.